Mama Yako Alinisubiri Kinole

Kingolwira, Ijumaa jioni

Koleta mwanangu,

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kujuliana hali. Sisi wawili tumenyimana hata salamu tangu asubuhi, kwa hiyo acha nianze hivihivi. Uko saluni unasukwa, na wale wasusi wako nawajua, hawakuachii mpaka giza liingie. Umeme umekatika, siwezi kuchomelea kitu, na geti la watu limelala hapo nje ya karakana linanitazama. Nimekaa kwenye benchi na kalamu yako uliyoisahau mezani. Macho yangu unayajua yalivyoharibiwa na huu moto, mistari ikipanda na kushuka nivumilie.

Asubuhi uliniuliza swali moja, ukaniomba na jambo moja. Swali lilikuwa, "Baba, ulimfukuza mama?" Jambo lilikuwa nikupeleke kesho Kinole, nikukabidhi kwa mjomba wako Deo mbele ya watu, usifike peke yako na begi kama mtu aliyetoroka kwao. Swali sikulijibu. Jambo nililijibu haraka mno: "Kinole mimi? Ng'o!" Ukaweka kikombe chini taratibu, ukachukua kanga yako ukatoka. Ungebamiza mlango ningejisikia nafuu.

Sitakuambia uvae sweta, baridi ya kule utakutana nayo mwenyewe. Wala sitakufundisha kumgeuza mgonjwa na kumpa dawa, maana aliyeshinda kwenye duka la dawa miaka yote hii ni wewe, si mimi. Nataka nijibu swali lako tu. Na humo nitasema maneno makali, kwa sababu nina uchungu, Koleta, na sioni kwa nini nijifanye sina.

Mama yako aliondoka ukiwa na miaka minne. Leo una ishirini na mbili. Hapo katikati hakukuogesha, hakukusuka, hakujua una ukubwa gani wa kiatu. Sasa kiharusi kimempiga huko Dar, yule bwana aliyekuwa anaishi naye amempandisha mpaka Kinole, akamshusha kwa kaka yake, akageuza gari. Na mjomba wako, ambaye miaka yote hii hakuwahi kuuliza kama una daftari, ghafla namba yako kaipata. "Mtoto wa kike wa dada yangu ni wewe tu. Njoo umuuguze mama yako. Wewe ni wa kwetu." Ebo! Wa kwao! Ulipougua surua ukashindwa hata kufungua macho, ulikuwa wa nani?

Kinachonikera zaidi ni kwamba kwa desturi yetu hajasema uongo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba analima shamba la mke wake, analala nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya mke wake, na mwenye kauli juu ya watoto ni kaka wa mke. Mimi mwenyewe kule kwetu Matombo ni mjomba wa watu, nasikilizwa, nakaa kiti cha mbele. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba sikuijua sheria. Niliijua vizuri kabisa, na ndiyo maana nakasirika ninapokumbuka.

Nilipomuoa mama yako nilihamia kwao Kinole, kama mwanaume yeyote wa huku. Ukoo wao una mteremko mzuri sana, maji hayakauki, migomba na mananasi na mdalasini. Mimba yako ilipofika miezi sita, nikapata wazo. Nilikwenda nikatafuta miche ya mikarafuu, nikaileta kichwani, nikaipanda kuzunguka nyumba yetu na kushuka nayo mpaka kwenye kijito. Nikamwambia mama yako, "Hii ni ya mtoto." Akaitazama, akanitazama. "Umemwambia kaka?" Nikamjibu, "Nimwambie kaka yako ili iweje? Mtoto ni wake?" Filomena akaingia ndani.

Mahindi ungelima, maharage ungelima, hakuna ambaye angekusemesha. Lakini karafuu ni mti wa kudumu. Mwanaume wa kuja akipanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo wa mke bila kuomba, amesema bila kufungua mdomo kwamba ardhi hii sasa ni yake. Kila mtoto wa milimani anajua. Nilitakiwa kuchukua jogoo na kibuyu cha pombe, niende kwa Deo, nikae kwenye kigoda, niseme shemeji naomba. Basi. Kazi ya asubuhi moja. Sikwenda. Nilikuwa kijana, nina mikono yenye nguvu, niliona kuomba ni kujidhalilisha.

Deo alikuja na wazee wawili wa kwao. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniua. Aling'oa mche mmoja baada ya mwingine, akautikisa udongo, akaulaza mlangoni kwangu. Alipomaliza akanawa mikono. "Shemeji," akasema, "ungekuja kuniuliza, ningekukatalia?" Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, majirani wamejaa kwenye migomba wanachungulia. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mtu hamtukani shemeji yake, na nikaapa mbele yao wote kwamba siku moja nitaondoka na sitakanyaga Kinole tena.

Kweli tuliondoka, wewe ukiwa bado unanyonya. Nikawaleta hapa Kingolwira, chumba cha kupanga, nikaanza kujifunza kuchomelea kwa fundi mmoja mkali ajabu. Niliona nimewakomboa. Kumbe nimemtoa mtu kwenye ardhi yake nikamweka kwenye kibaraza cha mtu mwingine. Unajua mama yako alilia lini mara ya kwanza? Siku aliyokwenda sokoni kununua mchicha. Alirudi na fungu lake akaliweka mezani. "Mimi nanunua mchicha, Baba Koleta? Mimi?" Nikacheka. Nilidhani ni utani, au nilitaka iwe utani, sijui.

Tukaanza kugombana. Chumvi tunagombana, maji tunagombana. Siku moja akafunga nguo zake kwenye kanga. Akaniambia, "Nakwenda kwetu. Ukinitaka, njia unaijua." Akakunyooshea wewe mkono. Mimi nikakukamata mkono mwingine. "Mtoto habebwi hapa," nikamwambia. "Mtoto ni wetu," akasema, na alikuwa na haki. Nikamjibu, "Basi aje huyo kaka yako amchukue, tuone." Wewe ulidhani ni mchezo, ulikuwa unacheka na kubembea katikati yetu. Ni yeye aliyeachia.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Sikumfukuza. Sikumfuata.

Unajua mambo yalivyo. Mwanamke akirudi kwao kwa hasira, mume anatafuta wazee wawili wa upande wake, anapanda, wanakaa, anasemwa mpaka masikio yawake, wanapewa ugali wanakula, anarudi na mke wake. Hakuna mwanaume aliyewahi kufa kwa kusemwa. Mama yako alijua nitakuja, ndiyo maana alikuachia. Mimi nilijua atarudi, ndiyo maana nilikushika. Wewe ulikuwa chambo chetu, mwanangu. Samahani, lakini neno jingine sina.

Alinisubiri. Kuna mama mmoja wa Kinole alikuwa anashusha mananasi mjini, akapita hapa. "Filomena anasema uje na watu wa kwenu, yaishe." Nikamwambia, "Mwambie njia aliyopandia ndiyo ya kushukia." Nilijiona nimejibu kiume sana, mafundi wenzangu wakacheka. Mama wa mananasi akaja tena mvua zikiwa zimeanza. "Anauliza mtoto anakula?" Nikasema anakula. Mara ya tatu alikuja mahindi yakiwa yameshavunwa, hakuleta ujumbe wowote. Alisema tu Filomena ameondoka, kaenda Dar, kule nyumbani watu walikuwa wanamcheka kwamba mume amebaki na mtoto na mke hamtaki.

Sasa usije ukafunga barua hapa ukasema baba ndiye mwenye makosa yote. Hata! Mpaka siku ile anapanda basi la Dar, nakubali, nusu ni yangu. Kutoka pale ni yake. Dar si mwisho wa dunia. Nauli aliipata alipotaka kwenda Dar, ya kurudi ingemshinda? Hakuja ulipoanza shule. Na Komunio yako ya kwanza sijamsamehe mpaka leo, nakuambia bila aibu, na padri ameshanisikia nikisema hivyohivyo.

Unakumbuka? Niliitafuta namba yake kwa ndugu zake, nikameza kiburi changu, nikampigia mwenyewe. "Nitakuja," akasema. "Mwambie nitakuja." Nikakuambia. Wewe ukamwambia katekista, ukawaambia watoto wote wa darasa lako la dini, ukaomba nafasi ya pembeni ili akuone vizuri. Lile gauni jeupe nililinyoosha mimi, nikaliunguza kidogo kwenye pindo, Mama Zuhura jirani yetu akalishona, Mwislamu wa watu anashona gauni la Komunio na kuniita mjinga. Kanisani ulikuwa unageuka nyuma. Mlango ukilia unageuka. Mpaka padri akafika mbele yako na wewe umegeuka, akasubiri, watu wote wakasubiri. Mimi nilikuwa nyuma yako naona kisogo na uso, kisogo na uso. Siku ile ningemwona mama yako ningemfanya kitu kibaya.

Nyumbani uliniambia, "Labda basi limeharibika." Ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unamtetea! Nikakujibu, "Labda." Baada ya hapo hukumtaja tena, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Niliona sasa nimeshinda, umebaki wangu peke yangu. Mwanaume mzima anashindana na mtu asiyekuwepo.

Kwa sababu hiyohiyo nikaharibu jingine. Ulipovunja ungo ulijifungia chooni ukasema, "Baba, usije." Nikajua. Nikasimama nje pale kama askari. Nikakimbilia kwa Mama Zuhura. Akatoka na ndoo na kanga zake, akanisukuma kifuani. "Baba Koleta, nenda kachomee mageti yako. Haya si ya kwako." Bibi yako wa Kinole, Mungu amrehemu, alisikia, sijui nani kampelekea. Akatuma mtu nikupeleke uwekwe ndani, ufundwe, utolewe kwa ngoma kama mabinti wote wa ukoo wao. Nikamrudisha yule mtu hata maji hajanywa. Nilisema walikuwa wapi siku zote. Nilisema mwanangu si wa kuchezewa ngoma na watu wasiomjua.

Wenzako hapa mtaani wenye asili ya milimani walipelekwa. Walirudi wamenawiri, wamevishwa kanga mpya, wanatembea wameinamisha macho huku mama zao wanapiga vigelegele. Wewe ulisimama kwenye kizingiti cha karakana na sare ya shule ukiwaangalia. Uliniuliza, "Baba, mimi lini?" Nikakuambia soma. Kesho utakapofika, wanawake wa Kinole watakuita mtoto, na ishirini na mbili yako. Watasema huyu hajachezwa, hajui kitu. Wakikusema, usimchukie mama yako kwa hilo. Hilo ni langu. Mengine yote mchukie ukitaka, mimi sitakuzuia.

Nakuona unavyojiandaa. Umenunua mafuta mazuri ya kumpaka, umenunua kanga pea mbili, umekwenda kusuka. Mtu anayekwenda kuuguza hasuki mitindo ile, mwanangu. Unataka akuone mzuri. Roho inaniuma mpaka nashindwa kuandika. Sikia basi: Deo amekueleza mkono na mguu wa kulia, hakukueleza mdomo. Mama wa mananasi kapita juzi, ameniambia. Mdomo umekwenda upande, anatoa sauti lakini maneno hayatoki. Miaka kumi na minane nimekaa na maswali yangu nimeyapanga, na amerudi hawezi kujibu hata moja. Na wewe una la kwako, nalijua, ni moja tu, kwa nini hakuja. Utamwosha, utamlisha uji, utamwangalia machoni, hatakuambia. Huenda akalia. Usilifanye lile chozi kuwa jibu. Mtu wa kiharusi hulia hata akiona kuku.

Kama unakwenda ili hatimaye akupende, nakuomba, rudisha zile kanga dukani. Utamdai mtu ambaye hawezi hata kujigeuza, na utazeeka unadai. Mimi nimedai, niangalie nilivyo. Lakini kama unakwenda kwa sababu kuna mwanamke amelala kule na hakuna wa kumgeuza, hilo nalielewa, wewe ndivyo ulivyo, hata mbwa wa jirani ulimfunga bandeji. Nenda.

Wakikupa shamba, pokea. Usione haya, si hisani, ni lako kwa tumbo ulilotoka, na mimi ndiye niliyekukosesha kulijua. Lilime mwenyewe, usile mchicha wa kununua kwenye ardhi yako. Na siku Deo akianza kukuambia habari zangu, mwache aseme. Mengi atakayosema ni ya kweli, na yale ya uongo utayajua, maana umenilia ugali miaka yote hii.

Kitu kimoja nakukataza, kimoja tu. Mwenye duka la dawa amesema hawezi kukushikia nafasi yako, sawa, ameshasema. Lakini usikae Kinole kwa sababu ya kuona haya kurudi. Mama yako aliona haya kushuka, mimi niliona haya kupanda, na ni mwendo ambao mama wa mananasi anautembea na mzigo kichwani. Ukichoka, shuka. Usisubiri mtu akupe ruhusa.

Sasa lile jambo uliloniomba. Koleta, kesho siendi. Nisikudanganye ukaamka ukanitafuta na shati langu jeupe. Mguu ungekwenda, mdomo ndio siuamini. Nikimwona Deo kasimama pale anakupokea, na yule mwanamke ndani anakoroma na bado anapata mtoto, nitasema maneno kama yale ya zamani, na safari hii aibu itakuwa yako. Nimemwomba Mama Zuhura akupeleke. Amekubali kabla sijamaliza kusema, ameniita mjinga tena. Ataongea kwa niaba yangu na atakukabidhi vizuri, kuliko ambavyo mimi ningeweza. Unaweza kukasirika. Kasirika.

Ila nisikilize vizuri, na uishike hii hata ukiichana barua yote. Wale watu wanajua kumeza mtoto wa kike. Mgonjwa akipona watasema kaa, mgonjwa akifa watasema arobaini, baada ya arobaini watasema shamba, baada ya shamba watakutafutia mume wa kuhamia. Labda utataka mwenyewe, hapo sina neno. Lakini ukikaa kimya, ukaacha kupiga simu, nikaanza kusikia habari zako kwa wauza mananasi, sitakaa kwenye benchi hili nikisema njia unaijua. Mama yako nilimwacha anisubiri. Wewe sitakusubiri hata kidogo. Nitapanda. Sitachukua wazee, nitapanda peke yangu na jogoo wangu mkononi, nitamwamkia mjomba wako mbele ya watu wote, shikamoo kabisa, ingawa nimemzidi umri, nitakaa chini nisemwe mpaka wachoke. Wakishachoka nitawaambia nimemfuata mwanangu. Wakisema hapana, nitalala hapohapo uani kwao, mvua na inyeshe, mpaka utoke ndani uniambie kwa mdomo wako, Baba, rudi.

Nakusikia mtaani unacheka na watoto wa Mama Zuhura, wasusi wamekumaliza mapema leo. Naweka barua kwenye begi, chini ya zile kanga. Ukiingia nitajifanya nasafisha vifaa.

Mimi baba yako,
ambaye kwa desturi si mwenye mtoto, lakini nani atanikataza.